Masika, Kuhusu Variateur ya Kahawa na Sahihi Yangu

Masika mwanangu,

Mvua imeanza tena, na wewe bado uko kwa shangazi yako unasukwa nywele. Nimejifungia ndani ya karakana ili niandike kabla hujarudi. Mambo ya sabuni, ya sweta, ya kutokubali kukalishwa juu ya mizigo, shangazi yako atayasema yote, tena atayarudia mpaka uchoke. Mimi nina jambo lingine. Ningeweza kukwambia kwa kinywa, lakini najijua: ungeniuliza swali moja tu, nami ningeinama chini ya meza kutafuta tournevis, bisibisi yangu ambayo haijapotea. Kwa hiyo kesho asubuhi nitakupa barua hii mkononi, nawe uisome kabla gari halijapita Maboya. Usingoje kufika Beni. Nimesema kabla ya Maboya, na ninakuomba unitii katika hili hata kama hukunitii katika mengine.

Unajua kwamba gérant, yule meneja wetu wa zamani kwenye kiwanda cha kahawa, anakungoja kule Beni, kwenye kiwanda chake cha mbao. Unajua kwamba ni mimi niliyempa jina lako alipotafuta fundi wa umeme. Shangazi yako alisimama kanisani akashukuru, watu wakapiga makofi, na wewe ukainamisha kichwa kwa haya. Jambo ambalo hulijui ni kwa nini nilikutafutia kazi kwa mtu yule na si kwa mwingine. Namchukia, Masika. Namchukia asubuhi nikinawa uso, namchukia nikiwa katikati ya sala, na kila nikishika waya namwona yeye. Huu ni mwaka wa nne. Sikukutuma kazini. Nilikutuma kulipiza kisasi, na sikukwambia kwa sababu uso wako haujui kuficha kitu.

Unamkumbuka Papa Kambale. Ndiye aliyekuwa akikuita Madame Courant, Mama Umeme, ulipokuwa bado mdogo, kwa sababu uliweka kidole kwenye prizi ya umeme na hukulia. Tulifanya kazi naye miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha kahawa hapa Butembo, mimi na yeye, mafundi wawili na sanduku moja la vifaa. Mke wake ni Mama Kavugho, huyu huyu anayetuletea chakula, sombe na fufu, kila yenga akitoka ibada ya Jumapili, tangu mama yako afariki. Kiwanda kilikuwa na groupe, jenereta ya kutupa umeme, na mota kubwa ya kukoboa kahawa, na mota ile iliendeshwa na variateur. Wewe unajua variateur ni nini, lakini acha nikueleze vile Kambale alivyokuwa akiwaeleza wageni, maana napenda kumsikia tena. Alisema ni sanduku la chuma linalokaa kati ya umeme na mota, linaipimia mota chakula chake, ili ianze polepole, ikaze mwendo, na isimame bila kujivunja. Likiona hatari linazima kila kitu, na kwenye kioo chake kidogo linaandika alama ya ugonjwa liliouona. Wageni walikuwa wanatikisa vichwa. Kambale alikuwa anapenda sana kutikisiwa kichwa.

Vita hii ya pili ilipofika mjini, kiwanda hakikufungwa. Tungefungiwa ingekuwa heri. Waasi waliweka askari kwenye lango, na kahawa iliyotoka mle ndani haikuwa tena ya wakulima wala ya kiwanda, ilikuwa ya kamanda. Magari yalipanga mstari barabarani kungoja kuvuka mpaka. Gérant wa kiwanda, aliyekuwa akituita ndugu zangu, alianza kutembea na kamanda akicheka mizaha ya kamanda kabla hajamaliza kuisema.

Ndipo variateur ikaanza kuzima. Mara moja kwa siku, halafu mara tatu, halafu ikawa kama mtu mwenye kwikwi. Kila ikizima, alama nyekundu iliwaka kwenye kioo. Na sisi tulifanya nini? Tulibonyeza kifungo cha kufuta. Tulikuwa tumezoea hivyo. Gérant anapiga kelele mlangoni, askari anagonga gunia kwa mtutu, nawe unakimbia, kidole kinaenda kwenye kifungo chenyewe, alama inafutika, mota inaanza, kelele zinaisha. Kwenye daftari la panne, la hitilafu za mashine, tuliandika: imezima, imewashwa. Kurasa nzima nzima, imezima, imewashwa. Hakuna mahali tulipoandika iliona nini. Ndiyo maana nilikuwa nakupiga kofi la mgongoni kila ulipotaka kubonyeza kabla ya kusoma. Ulidhani ni ukali wa mzee.

Kambale alikuwa na akili kunizidi. Sikuwahi kumwambia. Siku moja alikuja kwangu na kikombe cha chai akasema:

"Kasereka, umeona? Hii panne hapana kuja wakati kahawa imejaa mu machine. Inakuja wakati kahawa inaisha. Juu ya nini?"

"Juu ya machine imezeeka," nikamjibu. "Kama wewe."

"Hapana. Mota ikibaki bure, courant ya groupe inaruka. Groupe njo iko na ugonjwa. Miye nataka kufungua armoire ya groupe."

Nilicheka. Nilimwambia wewe na groupe yako, utaoa groupe hiyo siku moja. Nilikuwa mkubwa wake kazini kwa miezi sita tu, na miezi ile sita niliivaa kama suti. Kambale alikwenda kuomba ufunguo wa armoire, lile kabati la umeme la groupe, na gérant akamwambia ufunguo umepotea. Akaomba tena kesho yake. Mara ya tatu gérant alimkaripia mbele ya askari, akamuuliza kama anataka kuharibu groupe ya kamanda. Kambale aliponisimulia hayo nilimwambia aache ujeuri.

Siku variateur ilipoungua ilikuwa saa nne asubuhi. Ilizima, mimi nikabonyeza bila kutazama, ikawaka, ikazima tena, nikabonyeza tena, na safari hiyo ikapasuka ndani kwa mlio mkubwa na moshi ukatoka kwenye matundu ya pembeni. Kambale ndiye aliyekuwa ameiwasha alfajiri kabla sijafika. Kamanda alikuja akiwa amevaa ndala, alikuwa bado hajamaliza kunyoa. Gérant alikuwa nyuma yake.

"Kabla ya kuungua, iliandika nini?" kamanda akaniuliza.

Sikujua. Nilikuwa nimefuta mara mbili bila kusoma. Kumwambia mtu mwenye bastola kwamba sikusoma kulinishinda. Nikasema, "Hapana kitu, mon commandant. Haikuandika kitu."

"Donc machine ilikuwa muzima?"

"Ilikuwa muzima."

Ndipo gérant akaliingilia neno langu kama mwizi anayeona dirisha wazi. "Kama machine ilikuwa muzima, mon commandant, basi ni mutu. Na mutu mwenye alikuwa naye asubuhi, tunamujua. Ule mwenye kuomba-omba ufunguo."

Kambale alikuwa amesimama karibu nami, bega kwa bega, mikono yake ina grisi. Alinitazama. Alingoja niseme neno. Mimi nilitazama sakafu, na hadi leo ningeweza kukuchorea ile sakafu na nyufa zake.

Gérant aliandika karatasi pale pale juu ya gunia. Iliandikwa kwa Kifaransa kizuri kwamba appareil, yaani mashine, ilikuwa katika hali njema na kwamba uharibifu ulifanywa kwa makusudi. Chini kulikuwa na mstari, na chini ya mstari neno technicien, fundi. Nilitia sahihi. Kalamu ilikuwa ya kwake. Kambale walimpeleka kambini, wakamtia kwenye kontena ya chuma iliyokuwa inapigwa na jua mchana kutwa. Siku ya tatu walimrudishia Mama Kavugho viatu, na wakamwonyesha mahali pa kumchukua.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulinikuta nimekaa uani baada ya maziko, ukaniletea maji, ukaniambia pole Papa, rafiki yako amekufa. Nikayapokea maji. Nilipokea pole za kila mtu, Masika. Walinijia kama mfiwa.

Gérant hakukaa sana. Vifaa vya kiwanda alivigawana na kamanda, na variateur ile ile akaitengenezesha Kampala, wakaibadilishia sehemu zilizoungua, akaihamishia Beni kwenye msumeno wake mpya wa mbao. Kamanda alihamishwa na jeshi lake, sijui kama yu hai. Gérant alinenepa. Kule Beni anakaa kwenye benchi la mbele kanisani, na wakimbizi wakija anagawa chumvi kwa mikono yake miwili ili aonekane.

Mwaka ule nilikuwa sijui bado kwamba yeye ni muuaji. Nilijua tu kwamba mimi ni mwoga. Halafu nikaitwa Mangina, kwenye kinu cha mtu mmoja aliyekuwa na variateur ya aina ile ile. Nilimkuta fundi mzee kutoka Bunia, na alikuwa na kitu ambacho sisi Butembo hatukuwahi kukiona: kitabu cha mashine, kwa Kifaransa, kimeliwa na panya upande mmoja. Mashine ilikuwa imezima. Mkono wangu ukaenda kufuta, naye akaushika.

"Pole pole, ndugu yangu. Wewe haujasoma."

"Nimesha kufuta wakati mwingine bila kusoma, hapana mbaya," nikasema kwa kujifanya.

"Hata ukifuta, hii kitu haisahau." Akabonyeza vifungo viwili kwa pamoja, akavishikilia, na kwenye kioo zikaanza kupita panne za zamani, moja baada ya nyingine. Nane. Sanduku linaziweka nane za mwisho ndani yake, hata umeme ukikatwa, hata likiungua upande wa nguvu, mradi kadi ndogo ya akili imepona. "Bazungu balijua batu banafuta," akasema, akacheka peke yake.

Nilikwenda nje, nikasimama kwenye mihogo ya watu nikibonyeza hewa kwa vidole viwili. Unaelewa kwa nini? Siku ile, kamanda akiniuliza, jibu lilikuwa ndani ya sanduku mbele yetu, umbali wa mkono. Vifungo viwili tu. Kambale hakuhitaji niwe shujaa. Alihitaji nijue kazi yangu.

Hilo lilikuwa kosa langu, na ningelibeba peke yangu. Lakini miezi michache baadaye gérant aliniita nimtengenezee chambre froide yake, chumba cha baridi, hapa Butembo, ile aliyokuwa akihifadhia samaki wa Kyavinyonge. Fikiria dharau yake. Mtu akishatia sahihi mbele yako unamwona kama mbwa wako, unamwita tu. Nami nilikwenda. Nilifungua armoire ya groupe yake ndogo kutafuta kosa, na mle ndani nikaona régulateur ya groupe kubwa ya kiwanda. Régulateur ndiyo inayoshika volti zisipande wala kushuka. Niliitambua bila kuuliza mtu, kwa sababu Kambale alikuwa na mtindo wake: kila kifaa cha kiwanda alikitia matone matatu ya rangi ya kucha ya mke wake, ili mwizi akikibadilisha tujue. Matone yalikuwa matatu, mekundu, yamepangwa kama mafiga.

Nikaelewa yote nikiwa nimechuchumaa pale. Gérant alikuwa ameng'oa régulateur nzuri ya kiwanda akaileta kwenye samaki wake, na kule kiwandani akafunga nyingine mbovu. Kahawa ikiisha kwenye mashine, mzigo ukapungua ghafla, groupe ikashindwa kujizuia, volti zikaruka, variateur ikajizima kujiokoa, sisi tukafuta. Kambale alikuwa amekaribia kuliona. Ndiyo maana ufunguo ulipotea. Ndiyo maana ilitakiwa mkosaji awe mtu na si mashine. Hakumuua kwa hasira wala kwa vita. Alimuua ili samaki wakae baridi.

Nilikuwa na tournevis mkononi, na gérant alikuwa amenipa mgongo, anaongea na mchuuzi. Shingo yake ina mikunjo miwili. Naijua ile mikunjo kuliko viganja vyangu. Halafu akageuka akaniambia, "Fundi, kunywa kwanza sucré." Na mimi, baba yako, nikaweka tournevis chini nikanywa ile soda. Nikamtengenezea chambre froide yake ikafanya kazi vizuri.

Tangu jioni ile nilianza kukufundisha. Watu walisema Kasereka hana mtoto wa kiume ndiyo maana anamfundisha msichana. Mwalimu wako wa institut technique alinisifu. Waache waseme. Kila nilichokufundisha nilikifundisha nikimfikiria yeye. Nilikufundisha kuuliza panne ilikuja saa ngapi na mota ilikuwa inafanya nini, kabla ya kuuliza ni panne gani, kwa sababu hilo ndilo Kambale aliloliuliza nami nikacheka. Nilikufundisha kutopeleka mkono ndani ya sanduku lililozimwa mpaka upime kwa testeur kwamba limeishiwa, kwa sababu linaendelea kushika nguvu hata baada ya kukatwa. Nilikufundisha vile vifungo viwili mpaka ukavibonyeza umefumba macho, ukanicheka ukasema Papa hii ni kama katekisimo.

Huu ndio ulikuwa mpango. Uingie kwa gérant kama fundi. Ufike kwenye variateur ya msumeno. Ubonyeze vifungo viwili, unakili panne nane. Panne mpya ikiingia, ya zamani kabisa inasukumwa nje, kwa hiyo labda ile ya siku ya Kambale ilishapotea, labda bado iko. Nilikuwa nahesabu kwa matumaini: Beni umeme wake ni mzuri zaidi, labda haikuzima mara nyingi. Ungeniletea ile alama, nami ningesimama nayo kanisani kwake, mbele ya benchi la mbele, niisome kwa sauti. Nilikuwa nimeshachagua na shati.

Na kama alama haipo? Nilikuwa na mpango wa pili, na huu ndio unaonitia aibu zaidi. Unakumbuka wiki ile niliyokuonyesha mahali ambapo kifungo cha kusimamisha msumeno kinaunganishwa, na jinsi fundi mbaya anavyoweza kukifanya kisisikie? Nilikwambia ni ili uweze kugundua kazi ya mafundi wabaya. Nilikudanganya. Gérant ana tabia ya kupitisha mkono wake mwenyewe juu ya mbao kuwaonyesha wafanyakazi. Nilikuwa nimepanga kukuandikia barua baada ya mwezi mmoja, kukwambia ufanye nini. Nililala nikiuona ule mkono. Nilikuwa naamka nimetabasamu.

Sasa nikwambie kilichotokea jana, baada ya ibada. Mama Kavugho alikuja na sombe yake kama kawaida, na mfuko wa maharagwe ya safari yako. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga wenzako. Aliniwekea sahani, akaketi mbele yangu, akanitazama nikila, vile anavyofanya siku zote. Nilidhani ni upweke wa mjane. Nilipomaliza akauliza:

"Papa Masika, njo kweli Masika anaenda kwa gérant?"

"Njo kweli. Ni kazi nzuri."

"Unamutuma kule juu ya bwana yangu."

Nikamuuliza anajuaje.

"Miye najua tangu juma ya maziko. Gérant alikuja mu nyumba yangu na ile karatasi. Alinionyesha signature yako. Akasema, 'Usiniangalie vibaya miye, angalia rafiki ya bwana yako.' Nikaangalia. Nilijua vile unaandika K yako."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Na chakula ulikuwa unaniletea?"

Alicheka, Masika, na sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile kutoka kwa mtu mpole. "Ulikuwa unazania nakuletea chakula juu nakuhurumia? Nilitaka unione. Kila yenga unione, ukule kwa mukono yangu, umeze. Nilisema siku moja kitamukwama mu shingo, atasema. Yenga moja, ya pili, mwaka moja, ya pili. Wewe unakula tu. Unaomba na chumvi!"

Aliinuka, akachukua sahani yangu, akaifuta kwa kitenge chake. Akafika mlangoni akageuka.

"Bwana yangu alienda pa nafasi yako. Ulifunga kinywa, yeye akaenda. Sasa kitu ya kusema iko palepale, haujasema, na unatuma mutoto wako naye aende pa nafasi yako. Gérant akimukamata mu machine yake na vidole mu siri zake, atamufanya nini? Utatia tena signature?"

Akaenda zake. Mpaka leo asubuhi nilikuwa bado nimekaa pale pale.

Sijasamehe, na wala sitaki uniombee nisamehe. Namtaka gérant aanguke mbele za watu, namtaka asikie jina la Kambale likitajwa mpaka aombe maji. Hilo halijapungua hata tone. Lakini nilikuwa natafuta alama ndani ya sanduku la Beni wakati shahidi wa kwanza yuko hapa, ana meno thelathini na ulimi. Nilikuwa nakuandaa wewe ufungue kinywa cha mashine ili cha kwangu kibaki kimefungwa. Miaka minne nimekuwa fundi wa kila kitu isipokuwa hicho.

Kwa hiyo sikiliza. Usishuke Beni. Nimeongea na shoferi mwenyewe, si konda, anajua. Gari likisimama Beni, gérant au mtu wake atakuwa pale na atakuita kwa jina. Kaa ndani upande wa kulia, jifunike kitenge kichwani, usiitikie. Gari litaendelea mpaka Kasindi. Vuka mpaka wa Uganda na wanawake wa samaki, si peke yako. Kampala, binamu yangu Kakule ana karakana ya kusuka mota, nimempata leo mchana kwa redio ya wafanyabiashara naye amekubali kukupokea, na mke wake ni mtu wa Lubero, utasikia Kinande nyumbani. Nimekuwekea testeur yangu chini ya maharagwe. Mimi sitaihitaji sana.

Ukifika huko, fanya kazi hii kwa sababu unaipenda. Nimekuona unavyokaa mbele ya mota iliyonyamaza, unavyoinamisha kichwa pembeni. Hilo sikukufundisha mimi, na halina uhusiano wowote na gérant. Nilipoliona mara ya kwanza nilifurahi, halafu nikakasirika kwa sababu halikuwa ndani ya mpango.

Kesho gari likishaondoka nitakwenda kwa Mama Kavugho. Nitamwomba anipeleke kwa wakubwa wa ukoo wa Kambale, nami nitasimama nisimulie kama nilivyokusimulia wewe, kuanzia kifungo, sakafu, kalamu, mpaka régulateur na sucré. Halafu nitakwenda kwa mchungaji nirudie, mbele ya kusanyiko. Nitataja jina langu kwanza, kwa sababu nikianza na lake watasema natafuta mtu wa kumtwisha. Kosa likishamaliza kuniangukia mimi, nitataja la kwake, polepole, herufi kwa herufi, ili hata viziwi wa nyuma wasikie. Maneno yatafika Beni kabla ya wewe kufika Kampala. Gérant bado ana marafiki wenye bunduki, na anajua nyumba yetu ilipo. Naye aje. Safari hii akiniuliza, nitamjibu.

Ukisikia kwamba kanisa limeniondoa, au kwamba ukoo wa Kambale umeniwekea laana, au kwamba nimepelekwa kambini, usipande gari la kurudi. Shangazi yako akikuandikia urudi, usirudi. Ukinionea haya, jua tu kwamba ni haki yako, na jina la mama yako ni jina zuri la kutumia huko ugenini.

Nasikia mlango wa uani. Umerudi, unamwimbia mbuzi. Kesho asubuhi nitakukumbatia nami sitasema kitu, na wewe utadhani ni kwa sababu nalia.

Baba yako,
Kasereka